Kofia ya Kuweka Kando ya Pete

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi wa Kizingitini tu wazima, na mama yako ameshapokea udi wa harusi yako.

Umeniuliza kama mpiga picha apewe kofia ya dukani aipige picha pamoja na pete, kwa kuwa uliyomshonea mchumba wako ina matundu ya nakshi yaliyopinda. Mimi siku ya harusi yetu niliificha niliyomshonea babu yako, nikamwazimia ya jirani. Tulipokwisha kupigwa picha akaniuliza, "Bi Zena, yangu iko wapi?"

Nikamwambia imepinda.

"Hata kichwa changu kimepinda. Ilete."

Aliivaa mpaka ikachakaa. Lakini nikiitazama picha yetu leo, namwona amevaa kofia ya mtu mwingine.

Ifue yako, uitie wanga, uiweke kando ya pete.

Akuombeaye kheri,
Bibi yako Zena