Ukaya wa Mkwe Wangu Umeingia Rangi ya Kaniki

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaumbuka, maana harusi ya binti yangu Mwaja ni Mfungo Tatu na hapa nilipo hata chakula hakipiti. Mimi ni Mnyambo wa Kaisho, nimeolewa na Zubeiri mwenye duka hapa Nyabiyonza, ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka Pangani. Nilijifunza Bukoba kufuma uzi kwa sindano ya kulabu, basi nikasema nitamfumia mwanangu shali ya harusi yenye vitu vya bibi zake wote wawili: katikati ukaya mweupe wa mkwe wangu Bi Mgeni, mtandio mwepesi aliofunikwa nao siku ya harusi yake, na mama yake kabla yake, na pembeni vipande vya kaniki ya buluu nzito ya marehemu mama yangu, ile ya sikukuu, aliyoitunza mpaka akafa hajaitia maji.

Mkwe wangu hakutaka. Alisema, "Kaniki ni nguo ya jembe, mwanangu, itauharibu ukaya wangu." Nikalia, nikamwambia mama yangu naye ni bibi yake Mwaja, hakuokotwa migombani, mpaka akafungua kasha, akanipa ukaya kwa mikono yake miwili. Nikafuma, shali ikapendeza mno, ila nikaona imeshika moshi wa jikoni, nikaifua. Ole wangu! Kaniki ilichuja. Nilipoinua shali majini, ukaya umeingia buluu kutoka ukingoni hadi katikati. Nimesugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya dukani, wapi!

Sasa mkwe wangu ana mtoto wa jicho, haoni ila vivuli. Kila siku baada ya alasiri huniita, huipapasa shali yote, kisha huuliza, "Mweupe bado, mwanangu?" Nami hujibu, "Mweupe, mama." Hutabasamu, na mimi moyo huniuma. Zubeiri anasema ninyamaze, mama haoni. Lakini ndiye atakayemfunika Mwaja mbele ya wanawake wote! Na nikisema kweli, si nimemthibitishia kwamba kitu cha mama yangu ni uchafu, kama alivyosema? Nikate pale palipoingia rangi? Ninyamaze? Nifanyeje?

Mama Mwaja, Nyabiyonza

JIBU

Marahaba, Mama Mwaja, na pole sana. Kwanza weka ndimu chini. Ukaya wa umri huo ukiusugua tena utatoboka, na tundu halifichiki hata kwa asiyeona. Mkasi nao usiuguse.

Ila wewe nawe! Mke wa mwenye duka, kaniki zimekuzunguka kutwa, hujui kwamba kaniki isiyoguswa na maji hufuliwa peke yake? Haya, furaha ya harusi ilikupumbaza, yamekwisha.

Kuuharibu ukaya ni bahati mbaya, na bahati mbaya haina kesi. Kinachokunyima chakula ni hilo neno "mweupe" unalolirudia kila alasiri. Zubeiri anasema mama haoni. Ndiyo, haoni, na ndiyo maana anakuuliza wewe. Hamuulizi mwanawe wala jirani. Macho yake amekukabidhi wewe. Halafu siku ya harusi wanawake wataguna, na masikio anayo. Hata gazeti hili litasomwa barazani kwenu, kwa hiyo usingoje likutangulie.

Unaogopa atasema, "Nilikuambia." Atasema! Mwache aseme, hata mara mbili, ni haki yake, wala usimlilie tena kama ulivyomlilia mwanzo. Lakini kumbuka, mama yule aliijua hatari ya kaniki kabla yako, na bado akafungua kasha akakupa.

Basi kesho Zubeiri na abaki dukani kwake. Mpelekee mkweo kahawa ya kutafuna, keti naye mkekani, mwekee shali mapajani, ushike kidole chake ukipitishe pale rangi ilipoanzia mpaka ilipoishia. Akitaka ukaya wake utoke, fumua uzi wako polepole umrudishie, bila kununa. Akiuacha, Mwaja aolewe nao hivyo hivyo.

Na akikuuliza, "Mweupe bado, mwanangu?" mwambie, "La, mama. Umeingia rangi ya mama yangu."