Mpira wa Breki Ambao Haukubadilishwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo la kijinga na kila siku inayopita linazidi kuwa gumu kulisema.

Mume wangu ni mpimaji ardhi mstaafu, tuna pikapu ya miaka thelathini na moja, na tangu aipate ana daftari ambalo kila kilichofunguliwa, kilichofungwa na kilichobadilishwa kimeandikwa humo, tarehe, kilomita na fundi aliyeshika spana, hata taa iliyovunjwa na mbuzi imo, na sikufichi, zamani nilikuwa namcheka kwamba mimi sina kumbukumbu ya chanjo zangu lakini gari lina kadi ya kliniki, ila sasa namvulia kofia, kwa sababu mafundi wenyewe humpigia simu kumuuliza na yeye huwatajia ukurasa.

Miaka miwili iliyopita macho yake yalififia, hasomi tena, basi mimi ndiye ninayeandika, na sharti lake ni moja, kazi iandikwe palepale gereji, isingoje nyumbani. Mwezi uliopita fundi aliniambia mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele umeanza kupasuka, nikanunua mpya, nikakaa kwenye benchi nikaandika "umebadilishwa" wakati fundi ndiyo kwanza anaingia chini ya gari, mara akatoka akasema, "Mama, huu mfupi, haufiki. Narudisha wa zamani, katafute mwingine." Nikaitikia. Lakini mshauri, daftari lile halina hata mstari mmoja uliokatwa miaka yote hiyo, nikaona haya kuwa wa kwanza kulichafua, nikajiambia nitanunua wiki ijayo, wiki ikapita, nikamsomea mume wangu nilivyoandika, naye akatabasamu. Sasa Jumamosi anampa pikapu binti yetu mkunga, anayeteremka mlima kila asubuhi kwenda zahanati, na juzi nilimsikia akimwambia, "Mwanangu, usihangaike kuuliza watu. Soma daftari." Je, nimwambie, au nibadilishe kimyakimya yaishe?

Mke wa Mpimaji

*

Mama yangu,

Weka gazeti chini, chukua funguo za pikapu hiyo, zifiche. Ukishamaliza, rudi usome.

Haya. Kwanza nimpe mzee wako heshima yake. Gari langu halijafika nusu ya umri wa hilo na sijui hata oili ilimwagwa lini. Nilipoisoma barua yako nilijionea aibu. Mumeo amejenga kitu ambacho mwanawe anaweza kukiaminia roho yake. Nawe, kwa kupenda ukurasa uwe safi, umeiacha breki mbovu barabarani mwezi mzima! Hapo, mama, umenikera.

Tena nikuulize: kabla ya kwenda dukani, ulilitazama daftari? Nimemuuliza fundi wangu kwa nini mpira mpya uwe mfupi, akasema huenda miguu ya mbele, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, si ya asili, ilifungwa ya gari jingine zamani. Kama ni hivyo, mzee ameandika ni ya gari gani. Fungua kurasa za nyuma. Jibu ulilokosa dukani pengine unalo daftarini.

Kubadilisha kimyakimya nakukataza. Binti yako atahesabu umri wa mpira huo kuanzia siku ambayo haukufungwa. Na mumeo haoni, mama. Anasoma kwa macho yako. Ukimsomea uongo, huo ndio anaouona.

Basi mwambie leo. Atanuna, mwache anune, ana haki. Kesho nendeni gereji wote wawili na mpira wenye urefu unaofaa, naye asimame hapo asikie kazi ikifanyika. Fundi akishafunga, akatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, akakanyaga breki mkaona hakuna tone linalovuja, ndipo ushike kalamu uandike kazi ya siku hiyo. Usichane ukurasa wa zamani wala usipake wino mzito. Kata uongo kwa mstari mmoja, usomeke chini yake, na pembeni uandike: "Haukubadilishwa siku hii. Niliandika kabla ya kazi." Weka sahihi yako.

Siku binti yako atakapofika ukurasa huo, atajua kwamba daftari la baba yake husema kweli hata linapomuumbua mama yake. Ndipo atateremka mlima ule bila wasiwasi.