Mama Anahamia Bath

Jumapili, 18 Novemba 2012

Basi ameshakubali. Neema, mdogo wangu, amempigia tena leo kutoka Uingereza kumsifia huo mji wake wa Bath: nyumba za mawe za tangu zamani, maji ya moto yanayobubujika ardhini, soko na kanisa karibu, majirani wanaosalimia.

"Bath si maana yake bafu?" nikamtania Mama alipokata simu. "Kweli unahamia bafuni?"

"Bora bafuni kuliko kabatini, mwanangu."

Kabati ni hii fleti yangu ya ghorofa ya kumi na moja, hapa Weston, Kanada, nilimomtunza miaka sita. Naenda kazini giza halijaisha, narudi limeshaingia. Yeye hukaa dirishani wiki nzima akingoja nimpeleke kanisani.

Nimepekua mtandaoni nione ubaya wa mji huo. Nimepata vilima na mvua tu. Ni mji mzuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya chakula akaniuliza, "Umenuna?"

Nikasema hapana. Akarudi kukunja vitenge vyake, huku akiimba. Sijamsikia akiimba tangu afike Kanada.