Tumbo Lililomfurahisha Mama Mkwe

Jumamosi. Upepo wa Kitengela umeamka na vumbi lake, nami siwezi kukaa mahali pamoja. Nimefagia nyumba, nimefagia tena. Yeyo, mama yake mume wangu, anakuja kesho kutoka Kajiado.

Chanzo ni hili tumbo. Kwetu Ukambani maziwa yalikuwa ya kutia rangi kwenye chai. Nilipoolewa kwa Wamaasai nikaanza kuyanywa asubuhi, mchana na jioni, na tumbo likaanza kunguruma, kujaa gesi na kuuma. Lilivimba hadi sketi zikakataa kufungika.

Yeyo alipokuja mwezi uliopita alilitazama, akatabasamu, akaweka mkono juu yake. Akamwomba Mungu kwa Kimaasai mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaondoa kikombe mbele yangu.

"Wewe wachana na maziwa. Mtoto akikuwa mkubwa sana huko ndani, utasumbuka kuzaa."

Kwao ndivyo mjamzito anavyotunzwa: chakula kidogo, maziwa hapana.

Mimi si mjamzito.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini tangu niolewe, na miaka inavyokwenda bila mtoto, hakuwahi kunitazama vile. Nikataka anitazame hivyo angalau hadi jioni. Jioni ikapita. Akarudi kwake na furaha yake.

Maziwa niliyaacha kwa aibu tu, kumbe najitibu. Gesi ikaisha, usingizi ukarudi. Nesi niliyemweleza alisema watu wazima wengi hawasagi maziwa vizuri, na kwamba huenda maziwa ya mgando yasingenisumbua sana. Nilimsikiliza nusu nusu. Tumbo langu lilikuwa limelala bapa, na badala ya kushukuru niliogopa.

Jana Yeyo alipiga simu. Ameshamtenga kondoo wa kunichinjia nikijifungua.

Basi wacha niseme yote. Leo asubuhi nimechemsha maziwa nikanywa vikombe viwili. Sikuwa najaribu kama tumbo limepona. Ninajua yatanifanya nini. Nimekunywa ili tumbo livimbe.

Limevimba. Linauma vibaya. Nimesimama mbele ya kioo nikilishika kwa mikono miwili, na kwa muda kidogo, Mungu anisamehe, nimelipenda.

Kesho akiweka mkono wake hapa na kuanza kuomba, nitamwacha amalize?