Majivu ya Nguzo

Jumatatu, 4 Agosti

Ubao wa tano umekubali randa. Zimebaki mbili. Sanduku la viungo litakuwa na urefu wa mita moja na robo, upana nusu mita. Mchaichai, minti, giligilani. Miaka thelathini na moja nimekimbiza habari za redio. Sasa nanyoosha misumari iliyopinda.

Mbao zimetoka kwenye nguzo kuukuu za umeme. Fundi Gervas wa hapa Majengo alizinunua chakavu, akazipasua. Aliniuzia kwa sifa moja: mchwa hawaziwezi. Pembeni zina ukijani. Nimeupenda.

Baridi kali. Mama amekaa nami tangu Juni, alipotoka kijijini Lusewa. Haamini gesi. Anaokota vipande na maranda yangu, anawasha mafiga nyuma ya nyumba. "Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," amesema. "Wewe unafuga mbao." Ana miaka themanini na moja.

Jumatano, 6 Agosti

Sanduku limekamilika. Kona moja imezidi kwa sentimita moja. Nimeiacha hivyo. Udongo, samadi, miche.

Mama ameweka majivu ya siku tatu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamwagia maji, akakinga matone. Magadi, kama alivyofundishwa na mama yake. Chupa nzima, rangi ya chai hafifu. Jioni amepikia majani ya maboga. Yamelainika vizuri. Mimi nimeonja tu, nilikuwa nimeshiba mihogo ya mjini.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama anatapika tangu alfajiri. Kuhara maji matupu. Mimi tumbo linasokota, si sana.

Bajaji hadi hospitali. Daktari, kijana mpole, akauliza amekula nini. Nikamtajia kwa mpangilio: chai, kiporo cha maharage, ugali, majani ya maboga. Saa za kila mlo. Alinisifu kwa kumbukumbu. Magadi sikuyataja. Nani anayahesabu kuwa chakula?

Dripu mbili. Wamesema ni kiporo. Tumerudi saa kumi.

Ijumaa, 8 Agosti

Amepata nafuu asubuhi. Ameomba mboga. Meno yake hayawezi kitu kigumu, kwa hiyo nimechemsha majani mpaka yakawa kama uji. Nimemlisha kwa mkono wangu. Amemaliza bakuli.

Saa tisa ameanza tena. Vibaya kuliko jana. Amesema mdomo una ladha ya chuma. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Tumerudi hospitali, safari hii amelazwa.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Mapigo ya moyo yanaruka. Daktari hasemi tena kiporo. Haelewi, na anakiri kwamba haelewi. Hilo limenitisha kuliko mashine ya moyo iliyo kando ya kitanda.

Mchana nimekuja nyumbani kuchukua kanga. Nimesimama jikoni. Nimerudia bakuli la jana, kitu kimoja kimoja, kama ninavyorudia taarifa kabla ya kuisoma hewani. Majani, maji, chumvi. Na vijiko vitatu vya magadi. Magadi ya majivu. Majivu ya mbao.

Nimekwenda kwa Gervas kwa miguu, karibu nakimbia.

"Fundi, nguzo zile zilipakwa nini?"

"Hazikupakwa, mama. Zilinyweshwa dawa kiwandani. Ndiyo maana mchwa hawali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mchwa hawaziwezi. Hukuuliza kwa nini."

Miaka thelathini na moja kazi yangu imekuwa kuuliza kwa nini.

Nimerudi hospitali na chupa ya magadi kwenye mfuko. Daktari ameinusa, ameiweka mezani taratibu, amepiga simu mbili. Amesema dawa zinazonyweshwa nguzo mara nyingi zina arseniki, na kwamba mbao zikiungua sumu hubaki kwenye majivu. Mama yangu amekunywa majivu. Mara ya pili nilimnywesha mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Chupa na mkojo vimetumwa Dar es Salaam. Majibu yatachelewa. Dawa ya kuifunga sumu wanaiulizia Mbeya. Daktari amesema saa arobaini na nane zitaamua.

Nahesabu mkojo kwenye mfuko uliotundikwa kitandani. Saa mbili, mililita ishirini. Saa nne, kumi na tano. Saa sita, kumi.

Kumi.

Sijasali. Nimeshindwa kutafuta maneno. Kengele ya kanisa imelia, nimeruka kitini.

Jumatatu, 11 Agosti

Dawa imefika kwa basi. Sindano ya kwanza saa tano.

Saa kumi, mililita thelathini na tano. Nimeuliza mara mbili. Muuguzi amenionyesha mstari kwa kidole.

Jumanne, 12 Agosti

Amefumbua macho. Ameuliza nani anamwagilia miche. Nimesema nipo naimwagilia. Uongo. Sanduku nimelibomoa jana jioni, mbao na udongo nimevifunga kwenye nailoni. Gervas nimemwomba asiuze mabaki kwa mama lishe. Ameyafunika kwa turubai.

Wanawake wa jumuiya ya kanisani wamekuja kumwona. Mama akawaambia: "Uzee, wanangu. Nimekosea kuchuja magadi. Nusura nimuue mtoto wangu." Wakampa pole. Nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya uji. Nikajishughulisha na kumimina uji.

Kumbe alisikia daktari akitaja magadi, akaamini kwamba alinilisha sumu yeye. Mimi ndiye niliyeleta mbao.

Jumapili niliogopa kifo. Leo namwogopa mama.

Jumamosi, 16 Agosti

Yuko nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta. Nyayo zimekufa ganzi, daktari hajui kama hisia zitarudi.

Leo asubuhi nimemwambia. Nguzo, dawa, Gervas, chupa. Nimemwambia kwamba magadi yake hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa kuni, na kuni zilikuwa zangu. Nimesema yote bila kusimama, ili nisipate nafasi ya kuacha kitu.

Akajifunga kanga upya, akaniuliza:

"Mboga ya Ijumaa uliipika wewe?"

"Mimi, mama."

"Uliweka vijiko vingapi?"

"Vitatu."

"Vitatu." Akatikisa kichwa. "Bakuli la mtu mmoja, vijiko vitatu. Sijui nani alikufundisha kupika."

Kisha akanyoosha miguu mapajani mwangu. Nimeipaka mafuta, kidole kwa kidole. Kila kimoja namuuliza kama anasikia. Hasikii. Cha mwisho cha mguu wa kushoto akasema labda.