Mishono Chini ya Rangi Nyeusi

Kambi ya Barabara,
Tela la Tatu,
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi, mwanamapambano mwenzangu,

Nakusalimu wewe uliyesimama siku kumi na tisa mbele ya lango la kiwanda bila kurudi nyuma, nanyi nyote mnaosomewa barua hii hapo sebuleni: ndugu wa damu, ndugu wa jasho! Hamjambo? Goti lako linaendeleaje? Bibi amepata miwani? Sisi tungali hai, na siku hizi kusema hivyo si salamu tu, ni taarifa.

Jumamosi iliyopita, kambi ilipokuwa ikihama, springi ya tela la jikoni ilikatika kwenye mteremko, tela likapinduka. Ndani alikuwamo mpishi wetu, Bi Mvuke, akiyazuia masufuria yake yasigongane. Alifariki papo hapo. Bila shaka unamkumbuka: ndiye aliyekushonea kifungo cha koti ulipotutembelea, akakutania kwamba umekonda kama spoku ya baiskeli.

Msimamizi ametoa taarifa ya mistari minne: marehemu alipanda tela kinyume cha kanuni. Mistari minne, Shangazi! Mwanamke aliyewalisha watu arobaini kwa miaka sita amehukumiwa kaburi lake likiwa bado bichi. Ni nani katika kambi hii aliyewahi kumpa mpishi kiti ndani ya lori?

Nikaanza kuandaa hotuba. Lakini hotuba bila ushahidi ni moshi, na tela la jikoni limefunikwa turubai, tumekatazwa kulisogelea. Basi nikamwomba Baba anifundishe kukagua springi za tela hili tunamoishi, kwa kuwa yote ni ya aina moja, na yeye ndiye mchomeleaji wa kambi. Alisita mno. Kisha akasema, "Huko chuo kikuu mmefundishwa kupaza sauti tu. Haya, lala chini, Kipaza. Chuma hakisikii hotuba."

Tulizuia magurudumu kwa mawe, tukainua tela kwa jeki, tukaliegemeza juu ya vigogo, maana anayelala chini ya tela linaloshikiliwa na jeki tu amejichimbia kaburi. Nikaosha tope, nikasugua kwa brashi ya waya, nikakaza nati zilizolegea. Springi hizi ni vyuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na kila kimoja hupapaswa kwa kidole kutafuta ufa. Kwenye chuma cha pili kidole changu kilikutana na mshono wa kuchomelea, laini, mzuri, uliopakwa rangi nyeusi.

"Hiki nini, Baba?"

"Kazi yangu," akasema.

Vyuma vilipoanza kupasuka, aliomba vipya mara tatu. Msimamizi alimjibu, "Si wewe ndiye fundi? Tengeneza." Akatengeneza, na kinachoniumiza ni kwamba alitengeneza kwa fahari. Springi huishi kwa kunesa. Moto wa kuchomelea huiondolea uhai huo, ikawa kama kigae. Baba aliambiwa hivyo tangu alipokuwa mwanagenzi, lakini aliamini mkono wake ni wa peke yake. Wahenga walituonya tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba kuna ufa ambao kuuziba ndilo kosa lenyewe.

Lile la jikoni alilichomelea yeye. Pia mengine matatu, likiwamo hili ninamoandikia. Jumatatu yatavutwa tena, na wake na watoto watapanda humo humo, kwa kuwa malori hayana nafasi.

Shangazi, nakiri kwako nisichowahi kukikiri kwa mtu. Mimi ninayewakemea waoga hadharani, nilijikuta nikiipinda hotuba yangu ipite kando ya jina la baba yangu. Msimamizi alikataa kununua vyuma: ni kweli, na ningeweza kuishia hapo. Nusu hiyo ya ukweli ingemwaibisha, lakini isingezuia hata gurudumu moja. Nilipomwendea jana alinicheka: "Matela yamekaguliwa, binti. Hayana hata kutu!" Rangi inang'aa, asiyejua mshono ulipo hauoni.

Nilimwambia Baba kwamba ni yeye tu awezaye kuionyesha mishono hiyo. Akauliza, "Wakinifunga, mama yako atabaki na nani?"

Mama alikuwa mlangoni akikunja nguo. Hakugeuka. "Mimi nitabaki na mume aliyefungwa," akasema. "Mume wa Bi Mvuke amebaki na masufuria."

Leo asubuhi Baba amechukua chaki, akaingia chini ya tela moja baada ya jingine, akatia alama kila mshono. Ni saba. Tangu atoke huko ameuliza jambo moja tu: kama wewe, dada yake, unaweza kufika. Barua hii nampa dereva wa lori la kokoto, ataifikisha kwako kesho. Panda basi la Jumamosi, nakusihi.

Wasalimie binamu zangu, na yule mdogo anayeota meno. Bibi, ukisomewa haya, usimkatie tamaa mwanao. Mungu awalinde mlalapo na muwapo njiani.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye bila kificho,
Kipaza.

Kikao cha kambi nzima ni Jumapili, saa nne asubuhi, penye tangi la maji. Msemaji wa kwanza ni Baba.