Kikohozi Baada ya Mashine

Vudee, Same
9 Januari 1977

Kaka Eliamini,
Shikamoo. Wifi hajambo? Hapa wote wazima ila mimi. Tangu Oktoba walipomaliza kunichoma kwa ile mashine huko Nairobi, uvimbe wa ziwa haujarudi. Sasa nina kikohozi kikavu na homa. Kutoka mtoni hadi nyumbani napumzika mara sita. Zahanati wanasema ni TB. Nadungwa sindano kila siku, nafuu sioni. Mama mkwe amemchukua Melkizedeki wangu, hataki mtoto anisogelee. Kaka, muulize yule daktari wa mashine.
Mdogo wako, Yudith

Nairobi
24 Januari 1977

Mdogo wangu,
Marahaba. Wifi yako anakupa pole. Niliomba ruhusa kazini kwenye reli, nikamsubiri daktari tangu asubuhi. Nilipomsomea barua yako akavua miwani. "Sidhani ni TB," akasema. "Miale iliyoua kansa imeunguza na pafu. Huwapata baadhi." Nikamwuliza mbona hakutuambia. Nilitaka kumpiga, nikamwomba dawa. Anataka akuone kwanza. Njoo upesi.
Kaka yako, Eliamini

Same
11 Februari 1977

Kaka,
Shikamoo. Naandikia hapa posta. Jana tulifika Holili, askari wakaturudisha: mpaka umefungwa. Nilimwonyesha mmoja cheti cha hospitali. Akasema, "Mama, hata ungekuwa unakata roho." Nikijilaza nakosa pumzi, nalala nimekaa. Nitakufa kaka, na mwanangu hajanigusa. Fanya lolote.
Yudith

Nairobi
2 Machi 1977

Mdogo wangu,
Marahaba, jikaze. Daktari amekubali kutoa dawa bila kukuona. Zaituni, jirani yetu wa zamani aliyeolewa Taveta, ana ndugu wavuvi ziwa Jipe, watavuka nazo. Meza vidonge sita kila asubuhi, upunguze kama daktari alivyoandika. Usiache ghafla. Barua yake wape hospitali ya Same. Nijibu, hata neno moja.
Kaka yako

Vudee
19 Juni 1977

Kaka,
Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Barua zako tatu zimefika pamoja. Vidonge vilichelewa, lakini vilifika. Homa imekwisha. Picha ya pafu niliyopigwa Same imeonyesha kovu. Wanasema pafu hilo ndilo limekwenda. Jembe basi, siwezi tena kulima. Melkizedeki amerudi, ila bado anasimama mlangoni.

Kijiji kimenipa kazi ya kutunza watoto, mama zao wakiwa shamba la ujamaa. Mwenyekiti aliwasomea mkutanoni barua ya daktari kwamba siambukizi. Leo siku ya tatu. Watoto walioandikishwa ni ishirini na wawili. Hadi saa nne ameletwa mmoja tu, wa jirani yangu Rogathe. Nimempakata, naandika kwa mkono mmoja.
Mdogo wako, Yudith